Vina Vimo, Kina Hakimo: Mshairi wa Bahari na Atembee kwa Miguu



Nina deni la kulipa, nami nimeona nililipe hadharani, kwa kuwa kosa lenyewe nililitenda hadharani. Mwaka jana nilitunga shairi la beti saba kuusifu ufukwe wa Vumawimbi, uliopo kaskazini mwa kisiwa cha Pemba. Nililituma kwa washairi wenzangu, wakalipokea kwa hisani. Mmoja aliusifu urari wa mizani, mwingine akavisifu vina. Kisha akaniandikia msomaji mmoja, Mpemba, maneno machache tu: "Ndugu mshairi, vina vimo, kina hakimo."

Sisi tunaoandika mashairi tunaujua mchezo huo wa maneno. Kina ni mlio unaofungia kipande cha mshororo, na kina ni urefu wa maji kutoka juu hadi chini. Nilidhani ananichokoza, nikamtaka ushahidi. Akaunyofoa ubeti wangu wa tatu na kunirudishia bila kuongeza neno:

Mvuvi ashuka pwani, asubuhi ya bamvua,
Saa nne jahazini, tanga amelifungua,
Maji tele mlangoni, wimbi linamchukua,
Kimya chako, Vumawimbi, moyo kinautuliza.

Nilihesabu mizani, ikatimia. Nilikagua vina, vikakubali. Kosa sikuliona, na hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Mimi ni mtu wa bara. Bahari niliijua kwa vitabu, kwa picha na kwa safari mbili tatu za boti kwenda Unguja. Vumawimbi sikuwahi kufika. Niliutunga ubeti ule nikiwa mezani, mbele ya picha nzuri ya mchanga mweupe na maji ya buluu. Basi nikaamua niende nikaulizie kosa langu lilikofanyikia. Gari sina, na la kukodi lilinishinda bei. Nikasema nitakwenda kwa magari ya abiria hadi yatakapoishia, kisha nitatembea.

Ninayoyaandika hapa ni maoni yaliyozaliwa na mwendo huo. Nayaeleza bila kuyazungusha: anayetaka kuitungia bahari yetu mashairi, na aifuate kwa miguu walau mara moja, bila gari na bila haraka, akiuliza njiani. Asipofanya hivyo ataandika vina bila kina, kama nilivyoandika mimi.

Nilishuka bandarini Mkoani mwezi wa Januari, kaskazi ikivuma, nikalala Chake Chake. Alfajiri ya siku ya pili nikapanda gari la Konde. Nilikuwa nimechagua siku za mwezi mpevu makusudi, kwa sababu ubeti wangu ulitaja bamvua. Utingo aliponiuliza ninakwenda wapi, nikamjibu Vumawimbi. Akaniuliza tena: "Hoteli gani?" Nikamwambia siendi hotelini, naenda pwani. Akanitazama mkobani na miguuni, kisha akasema, "Basi utashuka Konde, uende zako taratibu." Sikumlaumu kwa swali lake. Wageni wengi humtajia jina la hoteli, na jina la mahali likamezwa humo. Lakini nilijiuliza: siku ambayo abiria wote watataja hoteli tu, nani atabaki wa kulitamka jina la Vumawimbi?

Konde ndipo gari langu lilipoishia. Nilianza kutembea saa moja asubuhi. Njia inapita katikati ya mashamba na nyumba, na hapo nikapata somo la kwanza, ambalo mwenye gari hawezi kulipata: mtembea kwa miguu hana budi kusalimu. Gari hupita na kioo chake kimefungwa, wala hakuna anayelidai salamu. Mtu anayetembea akipita mbele ya baraza bila kusalimu ataonekana mtovu wa adabu, na haki yao. Kwa hiyo nilisalimu kila baraza, na salamu za kwetu, kama mjuavyo, haziishii kwenye salamu. Hufuatiwa na unatoka wapi, unakwenda wapi, na una jamaa gani huko. Mgeni akijibu vizuri, hupewa habari asizoziomba.

Mzee mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli yenye mzigo wa majani ya ng'ombe alifuatana nami kitambo. Nilimwamkia, akaniitikia na kuniuliza nilikoelekea. Nilipomtajia, akatazama juu kama anayesoma saa, akasema: "Utayakuta maji yameshatoka, mwanangu. Leo bamvua. Saa nne yatakuwa mbali kabisa."

Nilisimama. Nikamwomba anifafanulie, naye akanieleza kwa upole ambao sikuustahili. Mwezi unapoandama na unapopevuka, maji hujaa sana na kupwa sana, na hayo ndiyo maji ya bamvua. Katikati yake, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambayo hayajai sana wala hayapwi sana. Kila siku maji huchelewa kidogo kuliko jana yake, muda unaokaribia saa nzima. Katika pwani yetu, siku za bamvua maji hujaa alfajiri, yapata saa kumi, na hujaa tena alasiri yapata saa hiyo hiyo. Saa nne asubuhi ndipo yanapokuwa yamepwa kupita kiasi. Kwa mtoto wa pwani, jambo hilo ni kama kujua kuwa Ijumaa hufuata Alhamisi.

Rudini sasa kwenye ubeti wangu. Mvuvi ashuka pwani asubuhi ya bamvua, saa nne, maji tele mlangoni. Nilikuwa nimejaza bahari saa ambayo Mwenyezi Mungu ameiondoa. Nililipenda neno bamvua kwa mlio wake, nikalipachika kwa sababu lilinipa kina cha -a, bila kujua kwamba neno hilo lina saa yake. Msamiati wa bahari umejaa maneno ya namna hiyo, yanayokuja na saa, majira na mahali pake. Kamusi itakupa maana ya bamvua kwa mstari mmoja. Kukuambia kwamba huwezi kulitumia saa nne asubuhi pamoja na maji tele, hiyo si kazi ya kamusi. Ni kazi ya mzee mwenye baiskeli, naye hapatikani mezani.

Baada ya kijiji niliingia katika Msitu wa Ngezi. Nililipa kiingilio langoni, nikaendelea kwa njia ileile, sasa chini ya kivuli. Ngezi ni masalio ya msitu wa asili uliowahi kufunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla ya mikarafuu kutawala katika karne ya 19. Waarabu waliiita Pemba Jazira al-Khadhra, yaani kisiwa cha kijani, nami chini ya miti ile niliamini kwamba hawakutia chumvi. Kisiwa hiki ndicho makao pekee duniani ya yule popo mkubwa aitwaye popo wa Pemba. Sikumwona, kwa hiyo sina la kumsifia. Nilichokipata msituni kilikuwa kimya. Kilikuwa kimya cha kweli, cha majani mabichi na ndege mmoja mmoja, na nilipokizoea ndipo nikasikia kitu nyuma yake.

Ulikuwa mngurumo wa chini, usiokatika. Nilifikiri ni lori, nikakaa kando ya njia kulipisha. Lori halikuja. Nilipiga hatua nyingine mia kadhaa, mngurumo ukazidi, ndipo nikaelewa kuwa ile ni bahari. Niliisikia kabla sijaiona. Kaskazi ilikuwa ikiyasukuma mawimbi kutoka baharini, nayo yalikuwa yakipasuka mbali, kwenye mwamba.

Wenye ilimu ya majina ya mahali wanisahihishe, lakini jina Vumawimbi nalisoma hivi. Ni kitenzi na nomino vilivyounganishwa, na kitenzi kimetangulia. Kwa kawaida tunasema wimbi lavuma. Tukitaka kitenzi kitangulie husema livumapo wimbi, au pavumapo wimbi. Aliyepaita mahali hapa Vumawimbi alivua viambishi vyote akabakisha mzizi na nomino. Au pengine hakuvua kitu, bali aliamrisha: Vuma, wimbi! Kwa usomaji wowote kati ya hiyo miwili, jina hili ni nusu ya kipande cha mshororo, mizani minne kamili, na linasema waziwazi kwamba hapa pana sauti. Nami nikaandika: kimya chako, Vumawimbi. Jina lilikuwa mbele ya macho yangu, Kiswahili kitupu kisichohitaji mfasiri, na sikulisoma. Nililitumia kama mtu anayebandika lebo ya duka.

Nimelitaja kosa hili kwa urefu kwa sababu naamini si langu peke yangu. Someni mashairi yetu ya miaka ya karibuni kuhusu bahari, hesabuni ni mangapi yana upepo mwanana, maji ya buluu, mchanga mweupe na utulivu. Hayo ni maneno ya matangazo ya watalii, tumeyavika vina. Pwani ya watu wanaoishi humo ina kelele, ina harufu ya mwani na samaki, ina saa za kazi. Jirani na Vumawimbi, upande wa magharibi, kuna pwani iitwayo Tondooni, na sikio langu halisiti kuisikia humo mitondoo, ile miti ya ukingo wa bahari ambayo mbao zake huundia vyombo. Jina moja hubeba mti na kiambishi cha mahali, na nyuma yake kazi nzima ya waunda vyombo. Tuna hazina ya namna hiyo, nasi tunakopa rangi ya buluu.

Nilitoka msituni saa nne kasoro, na kila alichosema mzee nikakikuta. Maji yalikuwa yamekwenda mbali. Palipokuwa na bahari palikuwa na mchanga mbichi, madimbwi na majani ya baharini yaliyolala upande mmoja. Wavuvi hawakuwa katika jahazi. Jahazi ni chombo kikubwa cha mizigo na safari ndefu, na mimi nilikuwa nimempandisha mvuvi mmoja peke yake humo kwa sababu neno ngarawa lilinikatalia mizani. Ngarawa zenyewe zilikuwa nchi kavu, kila moja imeegemea mrengu wake mmoja na kuunyanyua mwingine juu, kama mtu aliyejilaza kwa kiwiko. Wenyewe walikuwa kivulini wakishona nyavu, wakisubiri maji.

Waliokuwa kazini saa ile ni wanawake. Walitawanyika kuelekea kwenye mwamba, wameinama, kila mmoja na mchokoo wake, wakichokoa pweza mashimoni. Nilimwamkia mama mmoja aliyekuwa akirudi na mtungo wake, nikamuuliza swali ambalo sasa naliona la kitoto: hapa mnapaita pwani, ufukwe au ufuo? Akacheka. Akaniambia alivyoizoea yeye: palepale aliposimama, kwenye mchanga mbichi, ndipo pwani. "Si pamepwa? Kama hapapwi, si pwani."

Nimesoma sarufi miaka mingi. Najua kuwa pwani hutokana na kitenzi kupwa na kiambishi -ni cha mahali. Nimewahi hata kulisema hilo mbele ya wanafunzi. Lakini nilikuwa sijawahi kusimama ndani ya neno hilo. Kwangu pwani ilikuwa ukanda kwenye ramani, mahali popote palipo karibu na bahari. Kwa mama yule ni mahali ambapo pana mlango wa saa chache: hufunguka maji yakitoka, watu wakaingia kutafuta kitoweo, kisha hufungwa. Mvuvi wangu alikuwa ameshuka pwani na maji yakiwa tele. Kwa lugha ya mama huyu, hapakuwa na pwani ya kushukia.

Najua kuna watakaonipinga, nami ningependa kuwajibu kwa heshima.

Wa kwanza watasema kwamba ushairi ni ubunifu. Mshairi huimba pepo na hajaiona, huimba vita na hajashika silaha. Ni kweli, na simnyimi mtu ubunifu wake. Lakini aliyeimba pepo hakuwa na jirani aishiye huko wa kumwambia kuwa amekosea. Vumawimbi ina wenyewe. Kumtungia mtu kwao ni kama kuzungumza barazani kwake: una uhuru wa kusema, na yeye ana haki ya kukusahihisha. Tena Pemba si kisiwa kinachosubiri mgeni akiimbie. Ndiko walikoishi Kamange na Sarahani, ambao tungo zao zimekusanywa katika kitabu Kale ya Washairi wa Pemba, kilichochapishwa mwaka 2011. Kwenda na beti za kubahatisha katika nchi ya mafundi hao kulikuwa utovu wa adabu, na nilikuwa sijui.

Wa pili watasema: si kila mtu anaweza kutembea saa mbili na nusu juani. Wapo wazee na wagonjwa, na wapo walio mbali, Muscat, London au Toronto, wanaoikumbuka pwani kwa mashairi. Hao nawaomba radhi mapema. Miguu kwangu ni njia tu. Ninachokidai ni mwendo wa polepole na ulimi wa kuuliza. Aliye mbali ana simu ya kumpigia shangazi yake na kumuuliza maji hujaa saa ngapi. Anazo pia kazi za waliotangulia. Marehemu Haji Gora Haji, mshairi wa Tumbatu, alituachia mashairi na pia Kamusi ya Kitumbatu. Mtu aliyeijua bahari kwa mikono yake aliona haja ya kuyaandika maneno ya kwao neno kwa neno. Sisi tusioijua tunaona haja ndogo kuliko yake?

Wa tatu watanitolea methali kuwa mtembezi hula miguu yake. Nayo ni kweli; malengelenge niliyoyapata yalichukua siku nne kupona. Lakini wahenga hao hao walisema tembea uone, na sijasikia waliposema panda gari uone.

Limebaki jambo moja, nalo ndilo linalonisuta hadi leo. Nilikuwa nimekusudia kukaa hadi alasiri, nione maji ya bamvua yakijaa. Kijana mmoja wa pale akaniuliza nitarudije. Nikamwambia kwa miguu hadi Konde, kisha gari la Chake. Akahesabu kwa vidole, akaniambia nikisubiri maji yajae nitafika Konde usiku, na gari sitapata. Basi saa saba niliaga. Maji yalikuwa yameanza kurudi, yakiingia kwanza kwenye mikondo kama mtu anayepita mlango wa uani. Ngarawa ya kwanza ilikuwa imetikisika kidogo, haijaelea. Nikageuka nikashika njia ya msitu, mngurumo ukinifuata mgongoni.

Kwa hiyo Vumawimbi maji yakiwa yamejaa sijaiona. Mwenye gari angeiona, akarudi mjini kwa chakula cha usiku. Hilo namkubalia bila ubishi. Mimi nimebaki na nusu ya siku na nusu ya bahari. Nimeamua kuiandika nusu hiyo tu. Beti sita za shairi langu la zamani nimezifuta, na ule wa tatu nimeuandika upya. Nimemtumia yule msomaji wa Pemba aliyenituma njiani, na hadi leo hajanijibu. Nauweka hapa mbele yenu, mnaojua zaidi yangu mniambie:

Saa nne yameshuka, maji yamo mkondoni,
Ngarawa imejiweka, kwa mrengu mchangani,
Mama pweza amsaka, mchokoo mkononi,
Vuma, wimbi, nimefika. Unavuma tangu lini?

Ubeti wa pili nitautunga nikijaaliwa kurudi. Safari hiyo nitalala Konde.